Kwenda Koboko Kulehemu Sikio la Ayikoru

Niliondoka Ediofe kwa sababu ya mpira. Mimi mpira siuchezi wala siupendi. Anayeupenda ni shemeji yangu Drani, mdogo wa mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu zake. Siku hiyo redio yake ndogo iliishiwa betri timu yake ikiwa mbele kwa bao moja. Badala ya kwenda dukani, aliingia nyumbani kwangu nikiwa kisimani, akamvua mwanangu kifaa chake cha kusikia, akakipasua kwa kisu cha kumenyea mihogo, akachomoa betri. Betri ikatoka pamoja na kile kilichoishikilia. Nyaya mbili zikabaki zinaning'inia kama miguu ya panzi.

Nilipomkuta, hakuinua hata kichwa. "Shemeji, subiri," alisema. "Nitairudisha mpira ukiisha."

Na kweli aliirudisha. Mpira ulipoisha.

Mtoto wangu Ayikoru ana miaka sita. Masikio yake yalidhoofishwa na homa iliyomshika alipokuwa anaanza kutembea. Kifaa alipewa na wageni waliopita misheni: kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinavaliwa kifuani ndani ya mfuko wa kitambaa nilioushona mwenyewe, na waya wake unapanda hadi sikioni. Wageni walishaondoka. Akiwa na kile kiboksi, Ayikoru anasikia na kusema kama mtoto mwingine, taratibu tu. Bila kile kiboksi, ni mimi na mikono yangu.

Na Jumatatu alikuwa anapimwa shuleni. Mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu asiyecheka bila sababu, alikuwa ameniambia wazi: "Nitamsimamisha anipe mgongo. Nitamwita jina. Akigeuka, ana nafasi darasa la kwanza. Asipogeuka, mpeleke kwa wanaofundisha viziwi." Wanaofundisha viziwi wako mbali, ng'ambo ya Nile, mahali ambapo sina ndugu wala godoro. Kwa hiyo ilikuwa lazima zile nyaya mbili zishikwe kabla ya Jumatatu. Ninawaandikia ninyi wenzangu tuliokuwa wote ukimbizini Ariwara, ng'ambo ya mpaka, mnaouliza kwa nini sasa mwanangu anaongea kama askari. Someni mpaka mwisho, halafu mnyamaze.

Alhamisi, Arua mjini. Umeme wa Arua mnaujua, ni kama mgeni wa heshima, haji mchana. Fundi wa redio nyuma ya soko alikuwa anapasha chuma chake cha kulehemea kwenye jiko la mkaa, pembeni ya mahindi ya kuchoma. Chuma chenyewe kilikuwa kinene kama mchi. Kingegusa kile kiboksi, tungebaki na uji.

Aliangalia nyaya, akaangalia kiboksi, akacheka kwa huruma. "Mama, hii kitu iko na shida moja tu. Sauti yake iko kidogo."

"Sauti yake iko kidogo kwa sababu imekatika."

"Hapana. Hata ikipona, nani atasikia? Mutu moja tu! Mimi natia spika kubwa hapa mbele. Nyumba yote itasikia."

"Nyumba yote inasikia! Asiyesikia ni huyu!"

Akamwinamia Ayikoru, akapaza sauti mpaka wauza nyanya wakageuka: "Wewe, binti! Unataka spika?" Ayikoru akakubali kwa kichwa. Huwa anakubali lolote analoulizwa na mtu anayetabasamu. Fundi akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi, akainua mchi wake kutoka kwenye mkaa. Nilimnyang'anya kiboksi nikaondoka.

Fundi saa wa karibu na kituo cha magari alikuwa na lenzi jichoni. Nilipoiona nikashukuru Mungu: huyu amezoea vidogo. Alikigeuza kiboksi, akakisikiliza, akakigeuza tena. Mwisho akasema kwa huzuni, "Mama, hii saa imepoteza mishale yote."

"Si saa."

"Si saa?" Akavua lenzi. "Sasa mbona unaleta kwa fundi saa?"

Nilimwambia maneno ambayo hayaandikwi. Aliyapokea vizuri, nadhani ameoa. Nilipotulia akasema, "Kama iko kazi ya waya kama nywele, hiyo kazi ni ya mutu moja tu, Sajini wa Koboko. Huyo alikuwa signali katika jeshi ya zamani. Redio za wakubwa zote, yeye ndiyo alikuwa anachoma waya. Enda Koboko, uliza Sajini."

Ijumaa asubuhi tulipanda lori la mfanyabiashara lililobeba mabati na ndoo tupu za bati. Kama hujawahi kukaa juu ya ndoo za bati kwenye barabara ya Koboko, usinieleze habari za kelele. Abiria walijaza pamba, vitambaa, hata majani masikioni. Mzee mmoja alijifunga kanzu yake kichwani. Ayikoru peke yake alilala fofofo, mdomo wazi, ndoo zikigongana kila upande wake. Kwa mara ya kwanza nilimwonea mwanangu wivu. Tulipopita Ombaci, walipouawa watu wengi wakati wa vita, dereva alipunguza mwendo na kuvua kofia, ndoo zikanyamaza, na juu ya lori hakuna aliyesema neno. Baada ya hapo barabara ikaanza tena kututukana.

Koboko tulifika adhuhuri. Palikuwa na wanaume wamekaa kwenye baraza la duka wakinywa chai ya tangawizi. Niliwasalimu, nikauliza, "Samahani, Sajini yuko wapi?"

Wanaume watatu wakasimama.

"Namtafuta Sajini," nikarudia, nikidhani hawakunielewa.

"Ndiyo mimi," alisema wa kwanza.

"Hata mimi," alisema wa pili. "Na mimi nilipata cheo mbele yake."

Wa tatu alijikohoza. "Mimi iko koplo. Lakini kama vita ingechelewa kidogo tu, ningekuwa sajini."

Wakaanza kugombana nani alipandishwa cheo wapi na lini, na mtu wa ndani ya duka naye akatoka kusema kwamba kama ni hesabu ya haki, yeye alikuwa luteni. Nilisimama juani na mtoto mkononi na kiboksi kilichofungwa kwenye kanga. Nikapiga kelele, "Sajini wa waya! Anayechoma waya!"

"Aaa," wakasema wote kwa pamoja, na wakakaa. Yule koplo akaeleza: "Huyo ni Sajini Rajabu. Huyo iko Kuluba, analima mihogo. Njoo, nitakupeleka na baiskeli. Lakini, mama, ukifika kwake, usiseme ovyo. Huyo mutu iko na utaratibu."

Ijumaa alasiri, Kuluba. Utaratibu ulianza njiani, kwa kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ikiwa na makopo yanayolia ukiigusa. Nyuma ya kamba alisimama mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi. Huyo ndiye Mama Safi, mke wa Sajini.

"Simama hapo. Sema jina."

"Mama Ayikoru, wa Ediofe. Nimeleta kifaa cha mtoto, kimekatika waya, naomba nimwone Sajini."

Kimya. Hatua chache nyuma yake alisimama mzee mwembamba, amenyooka kama mpini wa jembe, uso ameuelekeza kwenye mihogo yake. Hakugeuka.

"Anasikia?" niliuliza. Nilianza kuogopa kwamba nimeleta kiziwi kwa kiziwi.

"Anasikia vizuri," alisema Mama Safi. "Sema ova."

"Niseme nini?"

"Ova, mama yangu, kama kwenye redio za jeshi. Ukimaliza kusema, unasema ova. Usiposema, huyu mzee anajua bado unaendelea. Mimi mwenyewe nikitaka chumvi, nasema ova."

Nilikuwa na vumbi la lori kwenye meno. "Nimeleta kifaa cha mtoto," nikasema kwa taya zilizokazana, "ova."

Mzee akageuka palepale, uso umejaa ukarimu. "Nimekupata! Karibu sana, mama! Karibu na mtoto! Mama Safi, leta maji, ova!"

Tulipokaa nikamuuliza kwa nini anawatesa watu hivyo. Hakukasirika. "Mama, mutu anasema, mutu anasikia. Wote wakisema pamoja, hakuna anasikia. Siku ya mwisho ya vita, makao makuu ilisema, sisi tulisema, kila mutu alisema. Hakuna mutu alisikia kwamba wengine walishaondoka. Tulibaki peke yetu pale kilimani, na redio mzima kabisa. Ova." Akanyamaza akinisubiri.

Nikampa kiboksi. Alikipapasa kwa vidole kama mtu anayekagua embe. Akasema waya huu unakwenda hapa, ule pale, hapa palikuwa na kibati cha betri, kibati kinaweza kukatwa kutoka kopo la maziwa. Kila alichosema kilikuwa kweli, na moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mpira. Kisha akanirudishia.

"Vizuri. Mkaa iko tayari. Choma."

"Nani achome?"

"Wewe. Mimi macho iliisha zamani. Sioni hata mihogo, najua tu kwamba iko pale."

Niligeuka kwa Mama Safi. Akanyoosha mikono yake mbele yangu, ikatetemeka kama majani. "Presha," alisema.

Wenzangu, nilitoka Ediofe, nikatukanana na mafundi wawili, nikakaa juu ya ndoo asubuhi nzima, nikavuka kamba yenye makopo, nikimtafuta mtu wa kulehemu, na mtu mwenyewe alikuwa mimi! Mimi niliyesoma sekondari nikafundishwa habari za maziwa makuu ya Kanada! Nilisimama, nikasema yote hayo kwa sauti, nikaongeza mengine kuhusu Drani, kuhusu mpira, kuhusu jeshi la zamani na jipya. Sajini alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia. Kuku walikuwa wanapita.

"Sema ova," alininong'oneza Mama Safi.

"Ova!"

"Nimekupata," alisema Sajini. "Hasira iko nyingi. Mkono unatetemeka?"

"Ndiyo, unatetemeka!"

"Basi hasira toa katika mkono, tia katika mguu. Mguu hauna kazi leo."

Chuma chake kilikuwa msumari mrefu uliozungushiwa waya mnene wa shaba, na ncha ya ule waya imesuguliwa ikawa kali kama sindano. Mama Safi alipuliza mkaa. Sajini alikaa amenipa mgongo, akatoa amri. "Pasha! Hesabu pumzi kumi. Futa na kitambaa chenye maji. Gusa utomvu, lehemu ishike. Gusa lehemu. Sasa waya. Usipulize! Gusa, toa!" Nikakanyaga udongo kwa mguu wa kushoto, tap tap tap, kama ninavyokanyaga cherehani, na hasira yote ikaenda huko chini. Mkono ukatulia. Tone la lehemu likang'aa, likaketi juu ya waya, likapoa. Nikalehemu la pili, kwenye kibati tulichokata kutoka kopo la maziwa. Nikaweka betri aliyoirudisha Drani, nikamvalisha Ayikoru.

Hakuna kitu.

Sajini akaomba betri. Akailamba. "Imekufa. Nani alikula hii betri?"

"Shemeji yangu."

"Ilienda wapi?"

"Mpira."

Akasogea karibu. "Nani alishinda?"

Mguu wangu wa kushoto ulianza tena wenyewe.

Mama Safi alikuwa na betri zinaota jua kwenye mkeka pamoja na mihogo, kama wote tunavyofanya zikichoka. Akachagua moja ndogo iliyokuwa imelala pale tangu asubuhi, akaifuta unga, akaitia. Kuku mmoja alilia nyuma ya ghala.

Ayikoru akageuka.

Akamtazama yule kuku. Akaweka mkono kwenye kiboksi kifuani, akanitazama mimi, na mimi nikajifanya nafuta moshi machoni.

Jumamosi yote nilimenya mihogo na Mama Safi, maana Sajini alikataa tuondoke. "Chombo iko sawa," alisema. "Sasa opereta, mutu ya kuitumia. Chombo bila opereta ni sabuni tu." Nilimwona kwa mbali amemsimamisha Ayikoru mwisho wa shamba, yeye mwisho mwingine, wakiitana juu ya mihogo. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anainama. Nikasema, waache wacheze, mzee hana wajukuu karibu. Sikwenda kusikiliza walichokuwa wanasema. Nilikuwa nimechoka kusikiliza watu.

Jumapili tukarudi, safari hii juu ya magunia ya muhogo mkavu, ambayo hayana kelele. Hapo ndipo hofu iliponishika. Nilimwita, "Ayikoru." Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu. Kimya. Mbuzi alilia kando ya barabara, akageuka upesi, akamwonyesha kwa kidole, akafurahi. "Ayikoru!" Kimya. Nikafungua kiboksi: lehemu imeshika. Jogoo, anageuka. Honi ya lori, anageuka. Mama yake mzazi, hageuki. Basi nikaamini kwamba kwa mkono wangu mwenyewe nilikuwa nimelehemu sikio la kusikia mifugo. Kutoka Maracha hadi Ediofe mguu wangu wa kushoto haukupumzika.

Jumatatu asubuhi, shuleni. Mwalimu mkuu aliniweka ukutani. "Mikono nyuma, mama. Mdomo umefungwa. Mwaka jana mzazi mmoja alikuwa anampa mtoto ishara. Ukisema neno, jaribio limekwisha." Akamsimamisha Ayikoru ampe mgongo, uso kwenye dirisha. Akarudi hatua tano.

"Ayikoru."

Hakugeuka.

"Ayikoru!"

Hakugeuka. Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga mpaka inakaribia kupasuka. Mwalimu akapumua, akasema kwa upole ambao ulinitisha kuliko ukali, "Ayikoru, njoo kwangu."

Hapo nikauona mkono wake. Mkono wa kulia wa mwanangu ulikuwa kifuani, kidole kimewekwa ubavuni mwa kiboksi kama opereta wa redio, na shingo ameinamisha kidogo, amenyooka kama mpini wa jembe. Niliwahi kuona mgongo wa namna hiyo. Ulikuwa wa Sajini, ameangalia mihogo.

Alikuwa anasikia. Alikuwa amesikia kila neno tangu Kuluba! Alikuwa anasubiri sisi watu wazima tusio na adabu tumalize kusema.

Mwalimu alikuwa tayari amefungua mlango. Nikitoa neno, basi. Nisipotoa, basi vilevile. Nikatema kanga.

"Mwalimu, hujamaliza kusema!"

"Mama, nilikuambia..."

"Umemwita, lakini hujamaliza! Rudi nyuma kabisa, hata nje ya mlango. Mimi nifunike kichwa na kanga, nitazame ukuta, nitoe ishara kwa matako? Mwite tena kwa sauti ndogo, halafu mwishoni useme ova. Mara moja tu. Asipogeuka, mimi mwenyewe nitambeba nivuke naye Nile leo hii."

Sijui kama ni hoja yangu au ni uso wangu. Nikasikia viatu vyake vikitoka nje. Nilikuwa ndani ya kanga, pua ukutani, mguu wa kushoto unagonga saruji. Kutoka nje, kwa aibu kubwa, sauti ya mtu aliyesomea ualimu ikasema karibu kwa kunong'ona:

"Ayikoru. Ova."

Miguu midogo ikapiga saruji, ikageuka nyuma kama gwaride.

"Nimekupata! Ova!"

Nilipofunua kanga, mwanangu alikuwa amesimama anamtazama mwalimu mkuu, anasubiri, kwa sababu sasa zamu ilikuwa ya mwalimu. Na mwalimu mkuu, yule asiyecheka bila sababu, alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili na mabega yanatikisika. "Una nafasi," alisema mwisho, akijifuta macho. Ayikoru hakutikisika. "Una nafasi, ova."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mnaouliza kwa nini darasa zima la kwanza sasa linasema ova, kamuulizeni mwalimu, ameniambia hajawahi kuwa na darasa lenye utulivu hivi. Lehemu yangu bado imeshika. Fundi wa spika huniletea nyaya nyembamba nimchomee, na mimi huzichoma huku mguu ukifanya kazi yake. Kitu nilichojifunza nitakisema wazi, kwa kuwa sipendi mafumbo: nilikuwa nasema tangu asubuhi hadi jioni na sikuwahi kumaliza. Sasa, nikimgombeza Ayikoru, ananisubiri na kidole kifuani, hana haraka, mpaka mimi mwenyewe nasikia nilichokuwa nasema. Mara nyingi hakina haja ya kuendelea. Nasema ova, anajibu, tunakula.

Juzi kulikuwa na mpira. Drani akaja mbio, akachuchumaa mbele ya mtoto, akatabasamu meno yote. "Ayikoru wa baba mdogo, unaniazima betri yako kidogo tu? Kipindi cha pili tu. Eh? Ova."

Ayikoru, anayekubali lolote analoulizwa na mtu anayetabasamu, alishika kiboksi chake kwa mikono miwili.

"Sikupati," alisema. "Ova."